Kuzurura na Kamera Mbugani: Hoja kuhusu Taswira

Katika mihadhara yetu ya fasihi, taswira hufafanuliwa kuwa picha inayojengeka akilini mwa msomaji kutokana na maneno ya mwandishi. Fasili hiyo nimeiandika ubaoni mara nyingi, na wanafunzi wameinakili mara nyingi vilevile. Lisilosemwa ni kwamba kabla ya picha hiyo kujengeka akilini mwa msomaji, sharti mwandishi awe ameona kitu. Makala haya yanadai kwamba sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tumeacha kuona. Ugonjwa huo niliugundua kwangu mwenyewe, mbali na nyumbani, jioni moja ya Oktoba mwaka 2012, katika mji mdogo wa Cottonwood Falls, jimboni Kansas, Marekani, ambako sikuwa na shughuli yoyote.

Mwaka huo nilikuwa msaidizi wa kufundisha Kiswahili katika chuo kikuu kimoja cha jimbo hilo. Wenzangu wawili walikuwa wakienda kumjulia hali jamaa yao, nami nikadandia safari kwa kuwa Jumamosi ya mgeni ni ndefu. Walipoingia kwa jamaa yao, nikabaki na saa mbili mikononi na kamera ya kuazima shingoni.

Yafaa kwanza, mpenzi msomaji, nikueleze mahali penyewe. Cottonwood Falls ni makao makuu ya kaunti ya Chase, ijapokuwa wakazi wake hawafiki elfu moja. Barabara yake kuu, Broadway, imetandikwa matofali, na upande wa kusini inaishia kwenye mahakama ya mawe ya chokaa iliyojengwa mwaka 1873, yenye paa jekundu na mnara wa saa. Kuuzunguka mji kuna vilima vya Flint Hills vilivyofunikwa na nyasi ndefu. Nyasi za namna hiyo zilipata kutanda ekari zipatazo milioni 170 katikati ya Amerika ya Kaskazini. Leo hazifiki asilimia 4 ya eneo hilo, na sehemu kubwa ya masalio iko hapo kwenye vilima, kwa sababu chini ya udongo mwembamba kuna mawe yaliyolishinda jembe la plau. Waliolishindwa jembe wakafuga ng'ombe. Wakaw, ambao jimbo la Kansas lina jina lao, walihamishwa kwenda nchi ambayo sasa ni Oklahoma mwaka 1873, mwaka uleule mahakama ile ilipojengwa.

Kuhusu jina la nchi hiyo, mwanafunzi wangu mmoja aliwahi kuniuliza Kiswahili huiitaje nyanda ya nyasi isiyo na miti. Nikamjibu bila kusita: mbuga. Akafungua picha za mbuga alizozipata kwenye intaneti, akaona simba, pundamilia na magari ya watalii. "Mwalimu, wanyama wako wapi?" akauliza. Swali lilinikwama. Wakenya tumelikabidhi neno mbuga kwa watalii, hata tumesahau kwamba maana yake ya asili ni nchi tambarare yenye nyasi, wanyama wawepo wasiwepo. Hata hivyo, swali lake lilikuwa na ukweli mwingine asioukusudia. Makumi ya mamilioni ya nyati wa Kimarekani walilishwa na nyasi zile, nao wakauawa hata kufikia mwishoni mwa karne ya 19 walikuwa wamekaribia kutoweka kabisa. Katika hifadhi ya taifa iliyoanzishwa mwaka 1996 karibu na Cottonwood Falls, nyati walirejeshwa mwaka 2009, kundi dogo tu.

Nirudi kwenye jioni yangu. Jua lilitua mnamo saa kumi na mbili na dakika hamsini. Nasema lilitua, lakini halikutua kama la kwetu. Katika nchi za ikweta jua hushuka karibu wima, likaingia shimoni mara moja, na giza likafuata kama mlango uliofungwa. Huko Kansas jua huteremka kimshazari, na utusitusi hudumu zaidi. Mwanga ulilala chini, ukapita kati ya nyumba, ukagusa vitu kutoka ubavuni badala ya utosini. Nilitembea bila mpango. Nilipiga picha ya kiti cha kinyozi kilichoonekana kupitia kioo cha duka lililofungwa, ya kibaraza chenye viti viwili vinavyotazama upande mmoja, na ya ua usio na ukuta wala seng'enge wala vigae vya chupa. Hilo la mwisho lilinichukua muda kuliamini. Nilihesabu nyumba kumi na moja zisizo na lango, nikazipiga picha zote, jambo ambalo mwenyeji yeyote angeliona upuuzi.

Nilipokuwa nimechuchumaa mbele ya nyumba ya kumi na mbili, gari aina ya pikapu lilipunguza mwendo, likasimama. Sitaficha kwamba moyo ulinidunda. Mgeni mweusi, machweo, mbele ya nyumba za watu, ameshika kitu cheusi mkononi: hadithi zinazoanza hivyo hazikosi kusimuliwa Marekani, na baadhi yake zina mwisho mbaya. Dereva alikuwa mzee mwenye kofia. Aliniuliza swali moja: nimepotea? Nikamwambia sijapotea, ninapiga picha. Za nini? Nikatafuta jibu. Ningeweza kusema za utafiti, au za darasa langu, na yote yangekuwa uongo. Nikamwambia si za kitu. Akageuza uso kutazama kamera ilikoelekea: baiskeli ndogo iliyolazwa kwenye nyasi, gurudumu moja likimetameta. Akaitazama kwa muda. Akasema mwanga ni mzuri, akaondoka.

Swali lile la mzee limekaa nami miaka yote hii. Anayetembea bila lengo hudhaniwa amepotea, na kwetu hudhaniwa vibaya zaidi. Neno letu kuzurura lina harufu ya uzembe na ya kituo cha polisi. Sheria ya uzururaji, tuliyoirithi kutoka kwa mkoloni, ilifutwa nchini Kenya mwaka 1997, lakini fikra yake haikufutwa nayo. Mwanafunzi anayeonekana uwanjani jioni bila kitabu huulizwa anachofanya. Wahenga walikuwa na busara pana zaidi waliposema kwamba mtembea bure si sawa na mkaa bure, ila methali hiyo huikariri tukiwa tumeketi.

Usiku ule nilikaa kuandika ukurasa mmoja kuhusu nilichokiona, kwa Kiswahili. Nikaandika: "Jua, likiwa limechoshwa na safari yake ndefu, lilijitupa kitandani mwake magharibi huku mbingu ikijipamba kwa wekundu mithili ya bi harusi." Nikaisoma sentensi hiyo. Haikuwa na kosa la sarufi. Ilikuwa na tashihisi na tashbihi, na ingenipatia alama. Lakini jua nililoliona Cottonwood Falls halikujitupa popote, lilikawia. Wala sikumwona bi harusi. Sentensi ile ilikuwa imeandikwa kabla sijapanda ndege, tangu nilipokuwa darasa la saba na daftari la mapambo ya insha, lenye sentensi za machweo upande mmoja na sentensi za mvua upande wa pili, tulizozikariri kwa ajili ya mtihani wa KCPE. Mtihani huo ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023. Daftari bado lipo vichwani.

Jumatatu iliyofuata niliwapa wanafunzi wangu picha hizo, nikawaomba waandike sentensi mbili kuhusu yoyote waitakayo. Walikuwa na miezi miwili ya Kiswahili, na msamiati ambao ungeweza kuingia kwenye bahasha. Mmoja alichagua baiskeli. Akaandika: "Baiskeli imelala. Mtoto amekwenda kula." Sikuwa na la kusahihisha. Mtoto hayumo kwenye picha, wala chakula hakimo, lakini wote tuliokuwa darasani tuliwaona. Yule hakuwa na daftari la mapambo la kumwazima macho, basi akatumia yake.

Najua hoja itakayotolewa dhidi yangu, kwa sababu nimeitoa mimi mwenyewe katika semina. Itasemwa kwamba fasihi ya Kiafrika ina kazi ya kufanya. Kwamba nchi yenye njaa, ufisadi na vijana wasio na ajira haina nafasi ya mtu anayepiga picha ya baiskeli. Kwamba sanaa kwa ajili ya sanaa ni anasa ya walioshiba. Hoja hiyo siidharau. Namtolea mfano mtu wa jimbo lilelile, Gordon Parks, aliyezaliwa Fort Scott, Kansas, mwaka 1912, mtoto wa familia maskini ya watu weusi, akawa mpiga picha mweusi wa kwanza kuajiriwa na jarida la Life. Hakuna anayeweza kumshtaki Parks kwamba hakuwa na dhamira. Wasifu wake wa mwaka 1966 ameuita A Choice of Weapons, na silaha anayoikusudia ni kamera. Mwaka 1950 alirudi Fort Scott kuwatafuta wenzake waliosoma naye katika shule ya watoto weusi peke yao. Wengi walikuwa wamehama, akawafuata hadi miji mikubwa. Life haikuzichapisha picha hizo. Miaka 65 baadaye, mwaka 2015, zilionyeshwa katika jumba la makumbusho ya sanaa mjini Boston. Ukizitazama leo, ubaguzi wa rangi unauona kwa namna watu walivyosimama vibarazani, mavazi yao, na nafasi iliyobaki kati yao. Dhamira imo kwa sababu jicho lilitangulia.

Upande wa pili yupo Robert Adams, ambaye kati ya mwaka 1976 na 1982 alizunguka usiku wa kiangazi pembezoni mwa Longmont, Colorado, mahali mbuga inapokutana na milima ya Rocky, akipiga picha za nyumba, miti na taa. Kitabu chake, Summer Nights, kilitoka mwaka 1985. Ndani yake hakuna tukio. Wala sidhani mtu aliyekitazama kwa makini anaweza tena kuupita mtaa wake usiku akadai hakuna kitu hapo.

Kosa letu, kwa maoni yangu, ni kuanza na maudhui kisha kuitafutia taswira ya kuivisha. Riwaya na hadithi fupi nyingi tunazozileta kwenye warsha zimeanza hivyo: ufisadi umeamuliwa, ndipo mheshimiwa anapewa kitambi. Daima ni kitambi. Sijapata kusoma katika miswada ya wanafunzi wangu mheshimiwa mwembamba, ingawa kwenye televisheni nawaona kila siku.

Kwa hiyo napendekeza kwamba katika kozi zetu za uandishi wa kubuni pawepo na jioni moja, kila muhula, ambapo mwanafunzi anatumwa nje na simu yake yenye kamera, bila mada, bila mwongozo wa maswali, arudi na picha tano na ukurasa mmoja usio na methali wala tashbihi yoyote aliyowahi kuisikia. Wapo watakaolalamika kwamba zoezi kama hilo haliwezi kusahihishwa. Ni kweli ni gumu kulisahihisha, nimejaribu.

Niliporudi nyumbani niliwaonyesha wanafunzi wa mwaka wa pili picha ileile ya baiskeli, bila kuwaeleza ilikotoka. Mikono ikainuka. Mmoja alisema mpiga picha anakemea uzembe wa wazazi. Mwingine akasema baiskeli ni ishara ya nchi changa iliyoangushwa na viongozi wake. Wa tatu, msichana aliyeketi nyuma karibu na dirisha, aliuliza kama nyasi zile zilikuwa na umande tayari, kwa sababu ikiwa zina umande, basi mnyororo utashika kutu kabla ya asubuhi, na kwao mtu angetumwa kuiingiza ndani.