Mnyonge Mnyongeni, Lakini Msikilizeni

Kila komredi anaijua hii barua. Inafika Ijumaa jioni: umesimamishwa masomo, ondoka hosteli, rudisha jezi, utaitwa mbele ya kamati ya nidhamu. Lini? Haisemi. Kosa gani hasa? "Utovu wa nidhamu." Basi.

Mwanafunzi wa kawaida anapoteza muhula. Lakini wewe uliyeingia chuo kwa nguvu za miguu yako unapoteza karo, chakula, kitanda na msimu kwa mpigo mmoja. Kamati ikikusafisha miezi 6 baadaye, namba yako ilishachukuliwa na mtu mwingine. Hukumu ilitoka kabla kesi haijaanza.

Najua mtakachosema. Hawa mashujaa wa uwanjani si malaika, na mara ngapi msichana amelalamika akaambiwa anyamaze kwa sababu kuna fainali Jumamosi? Ni kweli, na sitaki kulizunguka. Pale Baylor, Texas, mwaka wa 2016, uchunguzi ulionyesha kwamba chuo kilizembea kushughulikia malalamiko ya dhuluma za kingono, yakiwemo yaliyowahusu wachezaji wa futiboli ya Kimarekani. Baadhi ya walalamikaji walikatishwa tamaa na watu wa chuo chenyewe. Kocha Art Briles alifutwa, na Ken Starr akaondolewa kwenye urais wa chuo. Akipenda chongo huita kengeza, na timu ikishinda, chongo haionekani kabisa.

Lakini chekini upande wa pili. Duke, North Carolina, 2006. Timu ya lakrosi ilituhumiwa ubakaji. Kabla mahakama haijasikiliza shahidi hata mmoja, msimu ulifutwa na kocha akalazimika kujiuzulu. Wachezaji 3 walishtakiwa. Aprili 2007 mwanasheria mkuu wa jimbo alifuta mashtaka na kutangaza kwamba hawakuwa na hatia. Mwendesha mashtaka, Mike Nifong, alipokonywa leseni ya uwakili. Msimu wa 2006 nani aliurudisha?

Watu hupenda kuchagua moja kati ya hadithi hizi mbili na kuipigia debe. Mimi nasema ni ugonjwa mmoja. Huku chuo kilificha ili kulinda jina, kule kikaharakisha ili kulinda jina. Mlalamikaji wa Baylor na mtuhumiwa wa Duke walikosa kitu kilekile: mtu asiye na maslahi, wa kuwasikiliza kwa utaratibu unaojulikana.

Na sisi Wakenya hatuna kisingizio. Kifungu cha 47 cha Katiba ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutendewa kwa utaratibu ulio wa haki, na ya kupewa sababu kwa maandishi uamuzi unapomuumiza. Sheria ya 2015 ya kukitekeleza inataka upewe notisi ya kutosha, usikilizwe, uone ushahidi unaotumiwa dhidi yako, na uambiwe namna ya kukata rufaa. Haikusema "isipokuwa wenye ufadhili wa michezo."

Kwa hivyo tunachodai si huruma. Kama kuna hatari, watenganisheni wahusika leo hii. Hilo halina ubishi. Lakini barua iandike kosa na tarehe ya kusikilizwa, tena iliyo karibu. Kocha na ofisi ya michezo wakae nje ya kamati, maana hawawezi kuhukumu mali yao. Mlalamikaji alindwe na apewe majibu, si kubembelezwa. Ufadhili usiguswe hadi uamuzi utoke. Akipatikana na hatia, aende, hata kama ndiye mfungaji bora.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, walisema wahenga. Vyuo vyetu vimeshika nusu ya kwanza tu ya methali.