Sio ushamba jamani

Najua nimepotea, TP haikuniachia hata nafasi ya kupumua. Nimerudi kampasi salama, nimekonda kidogo, na kuna jambo linanikereketa.

Juzi tuko kwenye kimbweta, mshkaji mmoja akasema: "Walimu wa zamani hawaitaki teknolojia, wangestaafishwa tu wote." Tukacheka. Na mimi nilicheka. Usiku nikaona aibu, maana nimeshinda nao wiki nane na ukweli naujua.

Iko hivi. Zamani utendaji wa watumishi wa umma ulipimwa kwa OPRAS, zile fomu za karatasi zilizoanza 2004. Mwaka 2023 ikaingia PEPMIS. Mtumishi anaingia kwenye akaunti yake, anaandika majukumu yake, anaripoti alipofikia, msimamizi wake anathibitisha. Wazo zuri kabisa, sina ugomvi nalo.

Sasa njoo kwenye shule niliyopangiwa (jina siliweki hapa). Walimu kumi na tisa, kompyuta moja, nayo iko ofisini kwa mkuu. Tangazo likaja kwenye grupu la WhatsApp: mwisho wa kujaza ni Ijumaa, asiyejaza atajieleza. Mafunzo? Mwalimu mmoja alikwenda semina siku moja, akarudi akawaonyesha wenzake dakika ishirini wakati wa chai. Simu ni ya mwalimu, bando ni la mwalimu, mtandao unashika chini ya mwembe. Na andalio la somo bado linaandikwa kwa mkono kama kawaida.

Halafu tunasema wanaogopa teknolojia! Walimu walewale wanalipa ada za watoto wao kwa simu, na kikoba chao kinaendeshwa WhatsApp. M-Pesa ilipoingia nchini 2008 hakuna aliyewaita semina. Waliipokea kwa sababu iliwaondolea mzigo wa kumpa kondakta bahasha ya pesa za mama kijijini na kukaa roho juu. Mtu mzima haangalii kitu ni kipya au cha zamani. Anaangalia kinampunguzia nini na kinamwongezea nini.

Nisiwe mnafiki, wapo pia wanaokataa kwa sababu zao. Tangu 2017 malipo ya serikali yalipoanza kupita GePG, kwa ile kontroo namba tunayoihangaikia kila muhula, aliyezoea kupokea pesa mkononi na kukwambia risiti ufuate kesho hawezi kushangilia. Huyo siyo mshamba. Huyo kaelewa mfumo vizuri kuliko sisi!

Lakini kilichoniuma zaidi kinanihusu mwenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nawajazia. "Mwanangu, wewe wa chuo, nisaidie." Nikawa na maneno ya siri ya walimu saba kwenye daftari langu, nanakili majukumu yaleyale, nabadilisha jina la somo tu. Malipo chipsi mayai. Nikajiona mkombozi.

Mpaka nilipofika kwa mama mmoja wa Kiswahili, kabakiza miaka mitatu astaafu. Akagoma kunipa simu. "Mwanangu, ukinijazia leo, ukiondoka nani atanijazia? Na hiyo kazi itakayosomeka humo ni yangu au yako?"

Sikuwa na jibu. Kwenye mfumo wale saba wanaonekana wametimiza kila kitu. Ukweli ni kwamba hakuna aliyejifunza na hakuna aliyepimwa, nimepimwa mimi mwanafunzi wa TP!

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu. Anayeleta mfumo alete na muda wa kufundisha watu, alete na bando, na aondoe karatasi ambayo mfumo umekuja kuibadili. Na sisi vijana tuache kuwajazia wazee huku tunawacheka pembeni. Tukae nao tuwaelekeze. Miaka michache ijayo sisi ndio tutakuwa ofisini, utakuja mfumo mwingine, na kijana wa TP atatucheka hivihivi.

Yule mama nilikaa naye jioni tatu. Alimaliza Alhamisi, kwa kidole kimoja, polepole, siku moja kabla ya mwisho. Lile daftari langu nimelichoma.

Mnasemaje wadau? Mwenye hoja tofauti karibu tubishane. Ngoja niwahi foleni ya kafeteria kabla maharage hayajaisha. Alamsiki.