ILIYOSHINDA NI SAMADI, SI MBEGU

Ndugu wanaushirika,

Mkutano wa Jumamosi utaamua jambo moja: tutenge robo eka ya shamba la ushirika kwa kujaribu mbegu za shayiri, au tusitenge. Nasikia kilabuni wengine wanasema eti ni kupoteza ardhi. "Shayiri ni shayiri, tununue tu ile waliyovuna wenzetu wa bondeni." Mimi nasema hapana, na sababu ninazo.

Kwanza tukiri kosa. Safari ile tulipojaribu aina mbili, moja tuliipanda penye zizi la zamani, nyingine kule kwenye mchanga. Ile ya zizini ikanawiri, tukapiga makofi, mimi Katibu nikiwa wa kwanza. Kijiji kizima tukaipanda. Yaliyotupata mnayakumbuka: mvua ilizidi, mabua yakalala, punje zikachipua zingali kwenye masuke. Mnunuzi akarudisha magunia, na wenye deni la mbolea wakabaki nalo. Kumbe pale zizini iliyoshinda ni samadi, si mbegu!

Shayiri ya kimea lazima punje yake iwe hai, maana kiwandani huloweshwa ili ichipue. Iliyokwisha kuchipua shambani haifai tena. Nayo mbolea ya kukuzia ikizidi, mabua hulala na protini hupanda, mnunuzi akakataa.

Sasa, bondeni na huku juu si hali moja. Bondeni mvua hukatika mapema, kwa hiyo wanataka aina inayokomaa upesi. Huku kwetu kuna ukungu na baridi, kutu na ubwiri unga havituachi. Sisi tunataka bua fupi gumu na jani lenye kinga.

Kinga hiyo haitoki hewani. Kinga moja ya ubwiri unga inayotegemewa sana Ulaya ilitoka katika shayiri za wakulima wa Ethiopia, zilizokusanywa miaka ya 1930. Wakulima kama sisi! Mtaalamu huchukua mzazi mwenye kinga na mzazi mwenye mavuno, akawachanganya, kisha akachagua kizazi hata kizazi, kazi ya miaka kama 10. Lakini hata akimaliza, udongo wetu haujui. Kipande kilichobaki ni chetu.

Mpango wenyewe ni huu. Bwana shamba atuletee aina 3 zilizothibitishwa. Ya 4 iwe hii tuliyoizoea, ili tuone tofauti. Kila aina ipate vijaruba 3 vya mita 5 kwa 2, jumla 12, mahali papangwe kwa kura. Mbegu gramu 100 kila kimoja, mbolea sawa, kupanda siku moja. Hapo hakuna atakayependelewa na zizi. Tukivuna tupime: kila kilo 1 ya kijaruba ni sawa na kilo 400 kwa eka. Na tufanye hivyo misimu 3, maana msimu mmoja huweza kumdanganya mtu yeyote. Robo eka haijai, na mavuno yake ni mali ya ushirika.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Naomba daftari washike wenzetu wa darasa la watu wazima: tarehe ya kutoa masuke, kutu, kulala, uzito. Nami kalamu nimeishika ukubwani katika darasa hilo hilo, najua wanaweza. Tarakimu zao zibandikwe hapa ukutani, kila mtu asome mwenyewe, asingoje kuambiwa na Katibu.

Mwenye hoja ya kupinga aje nayo Jumamosi saa 4 asubuhi, tumsikilize. Ila asije na makofi. Makofi tulishapiga.

Wenu katika kazi,
Katibu wa Chama, Tawi