Tusiwatie Watoto Najisi kwa Kalamu

Mukuru kwa Reuben, mtaa wa mabanda ulio karibu na viwanda vya Nairobi, nyumba za mabati zimebanana hata jirani husikia kikohozi cha jirani. Katika mtaa kama huo, gazeti likiandika kwamba msichana wa miaka 10 "amenajisiwa", kisha likataja ploti wanamoishi wazazi wake na shule anayosomea, halina haja tena ya kumtaja jina. Kabla ya kengele ya mapumziko wenzake wamekwisha mtambua.

Hilo ni kosa la kwanza. La pili limo katika neno lenyewe, nalo aghalabu hatulitambui.

Najisi, kwa Waswahili, ni uchafu unaoharibu tohara: mkojo, damu na mfano wake. Kilichonajisiwa huwa kichafu hadi kitoharishwe. Basi tunaposema mtoto amenajisiwa, mtenda hatajwi hata kidogo, naye mtendwa ndiye anayeachiwa uchafu. Atautoharisha vipi, na kwa kosa gani alilotenda?

Wako watakaonijibu kwamba mwandishi hana hiari. Sheria ya Makosa ya Kingono ya 2006 imetenga kosa dhidi ya mtoto na kosa dhidi ya mtu mzima, na yapasa kila kosa liwe na jina lake. Hoja hii ina uzito, maana adhabu nazo zimetofautiana: kwa mtoto wa miaka 11 au chini yake, sheria hiyo imeweka kifungo cha maisha. Hata hivyo, tofauti hiyo yaweza kuelezwa kwa umri. "Mwanamume ashtakiwa kumbaka mtoto wa miaka 10" ni sentensi sahili. Kiima chake ni mshtakiwa, na aibu yote, ikithibitika, ni yake. Tena neno "ashtakiwa" halimhukumu kabla ya hakimu.

Walimu wenzangu, tunapofundisha kauli ya kutendwa, tusiishie kwenye viambishi. Tuwape wanafunzi vichwa vya habari na kuwauliza: ni nani aliyetenda, na kwa nini amefichwa? Miongoni mwao wamo waandishi wa kesho. Huenda pia yumo mtoto aliyekwisha kuumizwa, anayesikiliza tutamwitaje.