Likasi: sayansi haifundishwi kwa chaki peke yake

Kuna jiwe duniani linaloitwa likasite. Wataalamu wa jiolojia walilieleza kwa mara ya kwanza mwaka 1955, wakalipa jina la mji wetu kwa sababu lilipatikana katika mgodi wa Likasi. Ni jiwe la buluu, lenye shaba ndani yake. Kuna lingine, kasolite, lililopewa jina la Kasolo, kule Shinkolobwe. Wakusanyaji wa mawe wa Ulaya na Marekani wanayajua majina hayo na wanayanunua kwa pesa nyingi. Lakini ukimuuliza mwanafunzi wa sekondari wa Kikula au wa Panda kuhusu mawe hayo, usishangae akikujibu kwamba hajawahi kuyasikia.

Kosa si lake. Tunaishi katika mji uliojengwa na kemia, na kemia tunaifundisha kwa chaki tu.

Tuangalie Shituru. Kwa karibu karne moja, tangu wakati wa Union Minière, tena wakati wa Gécamines, kazi ya kiwanda kile imekuwa ni hii: madini yanasagwa, yanalowekwa ndani ya asidi ya salfuri, shaba inayeyuka na kuingia katika maji, kisha umeme unapitishwa mpaka shaba inashika juu ya sahani. Kazi hiyo ya umeme ndiyo inaitwa elektrolisi. Na neno hilo hilo mwalimu wa kemia analiandika ubaoni. Wanafunzi wanalinakili katika daftari, wanachora betseni na vijiti viwili, wanakariri. Kengele ikilia wanatoka nje, na kutoka uwanja wa shule wengine wanaweza kuona mabomba ya moshi ya kiwanda chenyewe. Mara nyingi hakuna mtu aliyewaambia kwamba mchoro wa daftari na kiwanda kile ni kitu kimoja.

Kwa nini iko hivyo? Watu wengi watajibu haraka: shule hazina maabara, walimu wanalipwa kidogo, madarasa yamejaa. Yote ni kweli. Lakini kuna sababu nyingine ambayo hatuizungumzii sana, nayo ni mtihani. Katika Mtihani wa Serikali, mwanafunzi wa mafundi anapita mbele ya jury na kuonyesha kazi ya mikono yake. Mwanafunzi wa sayansi anachagua jibu moja kati ya majibu yaliyoandikwa. Hakuna anayemwomba kupima asidi, kutumia darubini au kuunganisha nyaya. Mwalimu ni mtu mwenye akili: anafundisha kile kitakachoulizwa. Mzazi naye anataka diploma. Kwa hiyo hata shule yenye chupa na mizani kabatini inaweza kumaliza mwaka mzima bila kulifungua kabati hilo.

Majirani wetu wamefanya tofauti. Nchini Kenya, anayefanya kemia katika mtihani wa mwisho wa sekondari ana karatasi ya vitendo: anachanganya, anapima, anaandika alichokiona. Tanzania pia ina karatasi za vitendo kwa masomo ya sayansi. Tena, tangu mwaka 2012, wanafunzi wa Tanzania wanakutana Dar es Salaam katika maonyesho ya Young Scientists Tanzania, wakileta uchunguzi walioufanya wenyewe juu ya maji, mazao au afya ya kijiji chao. Wazo hilo lilitoka Ireland, ambako maonyesho kama hayo yalianza mwaka 1965. Nchi hizo nazo zina madarasa yaliyojaa na walimu wanaolalamika juu ya mshahara. Lakini mtihani ukiuliza vitendo, mkuu wa shule analazimika kutafuta vifaa.

Kwetu, tangu mwaka 2018, programu mpya za sayansi zimeanza kuingia madarasani. Zinamtaka mwalimu aanze na hali halisi ya maisha kabla ya kanuni. Hilo ni jambo zuri. Lakini programu inayosema anza na maisha, pamoja na mtihani unaosema chagua namba ya jibu, ni kama gari lenye madereva wawili. Tunajua ni nani atakayeshika usukani.

Wengine watasema vitendo ni anasa. Hapana. Kuna masomo yasiyohitaji pesa nyingi. Maua mekundu ya ngai-ngai ukiyachemsha, maji yake yanabaki mekundu ukitia maji ya ndimu, na yanageuka kijani au buluu ukitia maji ya majivu. Hapo mtoto ameelewa asidi na kinyume chake bila kununua kitu kutoka Ulaya. Msumari safi wa chuma ukiuweka ndani ya maji yenye salfati ya shaba, baada ya dakika chache unavaa koti jekundu la shaba. Mawe mawili ya tochi, nyaya mbili na maji hayo hayo ya buluu yanatosha kuonyesha kazi ya Shituru juu ya meza ya mwalimu. Mwalimu awe pale, wanafunzi wasionje wala wasiguse macho, na wanawe mikono. Hata kanuni hizo za usalama ni sehemu ya sayansi.

Na usalama ndio unaonifanya niandike makala hii. Huku kwetu, kutojua sayansi kunaua. Shinkolobwe haiko mbali na Likasi. Urani iliyotoka pale ilitumika katika bomu la Hiroshima mwaka 1945. Mwanzoni mwa 2004, serikali ilikataza uchimbaji pale. Mwezi wa saba mwaka huo huo ardhi iliporomoka na watu wakafa, kwa sababu uchimbaji haukuwa umekoma. Vijana wa mkoa huu wanabeba mawe mgongoni, wanayaosha mtoni, wanayalaza ndani ya nyumba. Jiwe lenye urani halina harufu wala joto la kukuonya. Atakayemwonya kijana ni mwalimu wake wa fizikia, ikiwa somo la miali halikuishia katika kukariri majina ya alfa, beta na gama. Vivyo hivyo kwa vumbi la kobalti, na kwa asidi inayomwagika katika vijito ambavyo mama anachotea maji ya kufulia.

Kuna pia suala la kazi. Wazee wanakumbuka enzi za Gécamines, kampuni ilipokuwa na shule zake na hospitali zake. Mwaka 2003, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliondoka katika mpango ulioitwa wa hiari, na familia nyingi za hapa bado zinaubeba mzigo huo. Leo dunia imerudi kutafuta kobalti, na Kongo inatoa sehemu kubwa kuliko nchi nyingine yoyote. Mwezi wa nne mwaka 2022, Kongo na Zambia zilitia sahihi mapatano ya kutengeneza batri za magari ya umeme, na Chuo Kikuu cha Lubumbashi kina kituo cha utafiti wa madini ya batri. Nani ataingia katika kituo hicho? Nani atapima ubora wa madini katika viwanda hivyo? Kijana ambaye hajawahi kushika kipimio atapewa jembe au kofia ya mlinzi. Kazi ya labo itakwenda kwa mtu aliyefundishwa kwingine.

Basi tufanye nini? Naona mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji muujiza.

La kwanza ni la Kinshasa: Wizara iweke sehemu ya vitendo kwa watahiniwa wa sayansi, hata kama ni alama chache kwa kuanza. Mafundi wana jury. Wanasayansi nao wawe nayo.

La pili ni la hapa mjini. Sheria ya madini ya 2018 inasema kwamba asilimia 15 ya ule ushuru unaoitwa redevance inakwenda kwa mji, komini, sekta au usultani ambamo mgodi unafanya kazi. Hatuhitaji maabara katika kila shule kesho asubuhi. Likasi ina komini nne: Likasi, Kikula, Panda na Shituru. Maabara moja katika kila komini, yenye mlinzi wa vifaa anayelipwa na ratiba ya zamu kwa shule zote, za serikali, za makanisa na za watu binafsi, ingetosha kuanza. Na wazazi wawe na haki ya kuona hesabu.

La tatu ni la kampuni. Zifungue milango siku moja kila muhula. Mhandisi amweleze mwanafunzi jinsi jiwe la kijani linavyogeuka sahani nyekundu. Tena wasichana waitwe kwanza, kwa sababu wao ndio wanaoambiwa mara nyingi kwamba kiwanda si mahali pao.

Kwa walimu nasema hivi: sijasahau mshahara wenu, na madai yenu ni ya haki. Lakini msumari na maji ya buluu havingoji amri ya waziri. Somo moja la mikono kwa mwezi linawezekana kuanza muhula huu. Likasi imetoa shaba na kobalti kwa dunia nzima. Watoto wake nao wana haki ya kujua jinsi jiwe linavyokuwa shaba.