Sisso apewe usiku wake Ngome Kongwe
Wazee wengi wa Mji Mkongwe, Zanzibar, hawaipendi singeli, muziki ule wa kasi, lakini mimi nasikia taarabu ndani yake. Watayarishaji wa uswahilini Dar es Salaam walichukua vipande vya ala za taarabu, wakavizungusha na kuvikimbiza hadi kupita midundo 200 kwa dakika. Mtayarishaji Sisso wa Mburahati ndiye ninayemvulia kofia: studio yake iliwakusanya kina Jay Mitta na Bamba Pana, na mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wao, Sounds of Sisso. Mwaka 2024 akatoa albamu ya Singeli Ya Maajabu na Maiko, mpiga kinanda. Kinanda, jamani! Ngome Kongwe, nyumbani kwa tamasha la Sauti za Busara, impe usiku mzima, na mafundi wa kundi la taarabu la Ikhwani Safaa wakae safu ya mbele.