WAYA WA OVENI SI WA NYAPARA KUCHAGUA



Katika mkutano wa tawi uliopita alisimama mwenzetu mmoja, fundi wa stima anayekaa Soweto West hapa Kibera, akatusimulia kisa. Kwa kuwa wengi walitazama chini kana kwamba wanasikia habari zao wenyewe, tumeona heri tukiandike.

Mwenzetu huyu kila asubuhi hupanda kwa miguu kupita Olympic mpaka Ngong Road, akaenda kwenye jengo la ghorofa nyingi huko Kilimani. Kila nyumba ya jengo hilo itatiwa oveni ya stima ya kujengewa ndani ya kabati, ile inayosukumwa mahali pake kama mtoto wa meza. Nyapara akampa waya wa 1.5, ule wa taa, akamwambia, "Vuta huu, oveni yenyewe ni moja tu." Alipouliza waya mnene uko wapi, alijibiwa kwamba vibarua wako wengi langoni. Basi akavuta. Ana watoto watatu, na kodi ya nyumba haingoji.

Hatumlaumu. Lakini twasema hivi, na twasema kwa sauti: unene wa waya wa oveni haupangwi na nyapara, wala kontrakta, wala mfuko wa mwenye jengo. Hupangwa na hesabu, na hesabu hiyo mwanachama yeyote aweza kuifanya kwa kalamu ya risasi juu ya kipande cha mfuko wa simiti.

Tazama kibati kilichopigwa kwenye ukingo wa mlango wa oveni au nyuma yake. Hapo pameandikwa wati. Stima yetu Kenya ni volti 240. Gawanya wati kwa 240, utapata ampea. Oveni ya wati 3,600 hula ampea 15. Ikiwa ni jiko zima, oveni pamoja na sahani za kupikia juu yake, na wati zake ni 7,200, basi ni ampea 30. Sasa utazame waya. Waya wa 1.5 uliozikwa ndani ya ukuta usiopitisha joto hubeba kama ampea 14 na nusu, basi, wa 2.5 hubeba 20. Wa 4 hubeba 26. Wa 6 hubeba 32. Ukipita wazi juu ya ukuta hupata hewa na kubeba zaidi, ila majumba ya siku hizi huficha kila kitu. Kwa hiyo oveni ile ya ampea 15 haitaki waya wa taa hata kidogo. Yataka wa 2.5 wake peke yake, usiochangiwa na soketi nyingine, na sisi tungependelea wa 4 kama njia ni ndefu au kama paipu ina nyaya nyingi, maana nyaya zikibanana hupashana moto na kila mmoja hupungukiwa na nguvu zake. Jiko la ampea 30 lataka wa 6. Hapo hapana ubishi.

Watu husema, "Lakini nimewasha, na inafanya kazi." Naam, itafanya kazi. Hapo ndipo ubaya wake ulipo. Waya mwembamba haugomi siku ya kwanza, mwenye jengo akiwa na wageni wake. Hupata joto tu. Na joto halipandi sawasawa na ampea: ukizidisha ampea mara mbili, joto huzidi mara nne. Ngozi ya plastiki ya waya wa kawaida imetengenezwa kustahimili digrii 70. Oveni huoka keki saa nzima, nyama saa mbili, leo na kesho. Ngozi hukauka, hupasuka, na usiku mmoja mama mwenye nyumba asikia harufu. Wakati huo nyapara yuko kwenye jengo jingine.

Breka nayo si ya kulinda oveni, kama wengi wanavyodhani. Ni ya kulinda waya. Ampea zake zisipungue za oveni, wala zisizidi za waya. Ujanja tuliouona mara nyingi ni huu: breka ikianguka-anguka, mtu huitoa akatia kubwa zaidi, na waya ni ule ule. Ni sawa na kumziba mlinzi mdomo asije akakuamsha.

Mengine mnayajua: waya wa ardhi usikosekane, maana oveni ni sanduku la chuma, swichi iwe mahali pa kufikiwa na mkono, si nyuma ya oveni, skrubu zikazwe, na kipande cha mwisho kinachogusa mgongo wa oveni kiwe cha aina inayostahimili joto.

Sasa turudi jioni pamoja na fundi wetu. Akishuka Soweto West hakuti paipu wala breka. Akuta nyaya za sambaza zimetandazwa juu ya mabati, kutoka paa hadi paa, zimesokotwa kwa mkono na kufungwa kwa karatasi ya plastiki. Mama jirani ana oveni ndogo ya mezani, aoka keki za kuuza. Wa chumba cha pili ana koili ya wati 2,000, yaani ampea 8 na kidogo. Wakiwasha pamoja, waya wa taa uliokuja mita 60 umelemewa. Hata koili ile peke yake, kwa umbali huo, hupoteza volti 14 hivi njiani, na volti hizo haziendi mbinguni: zageuka joto, juu ya mbao na makuti ya plastiki, katika vyumba vilivyoshikana ukuta kwa ukuta.

Na ni nani aliyeunganisha? Tuseme ukweli, Ndugu. Mara nyingi ni mmoja wetu, baada ya kazi, kwa shilingi chache. Twajua kwamba maskini hachagui waya mwembamba kwa kupenda. Lakini mtu aliyesikitika mchana kwa ajili ya nyumba ya tajiri hawezi usiku kufunga koili kwenye waya wa taa pale watoto wa jirani wanapolala. Taa na redio, pengine. Koili na oveni, hapana.

Jihadharini pia na waya wa bandia unaouzwa kwa bei rahisi: alumini iliyopakwa shaba. Kwarua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani, usiutie kwenye ukuta wa mtu. Rola yake ni nyepesi mkononi kuliko ya shaba halisi, na haibebi ampea zilizoandikwa juu yake.

Basi tufanyeje? Kabla ya kuvuta, uliza wati za oveni. Ukipewa waya usiotosha, andika tarehe, unene ulioomba na unene uliopewa, mpe nyapara nakala moja na katibu nyingine. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamkataza mwajiri kumfukuza mfanyakazi kwa sababu tu amelalamika juu ya jambo analoliona si salama. Yule atakayetia sahihi cheti cha kazi ni mtu mwenye leseni ya EPRA. Naye aonyeshwe nyaya kabla ukuta haujafungwa, asitie sahihi akiwa ofisini.

Twajua karatasi peke yake haimtishi kontrakta. Fundi mmoja akikataa hufukuzwa. Mafundi wote wa jengo wakikataa, waya hununuliwa. Na hapa tujilaumu wenyewe: Chama hakikufika kwenye jengo lile hata mara moja tangu kazi ianze. Mwenzetu alikuwa peke yake mbele ya nyapara.

Halmashauri imekubali kwenda huko Jumatatu saa mbili asubuhi. Ghorofa nne za chini zimekwisha kupigwa plasta, za juu bado. Kila mwanachama anayefanya kazi hapo amwone katibu kabla ya Jumapili jioni, aje na vipande vya waya aliopewa.